Meza ya Ijumaa: Kopa ya Tano

Safari hii tunaanza kwa kukiri kosa.

Kila Ijumaa usiku tunacheza poka sebuleni, watu sita, pauni 5 kila mtu. Hatuna kete, kwa hiyo tunatumia maharage makavu: kila moja ni peni 10, maharage 50 kwa mchezaji. Karata tunazitaja kama tulivyozisikia kwa wazazi wetu: kopa, uru, shupaza na pao, majina yaliyotokana na Kireno.

Ijumaa iliyopita mwenzetu alikuwa na kopa mbili mkononi. Mezani zilikuwa zimefunuliwa karata nne, mbili kati yake kopa, na ilibaki moja tu. Katikati palikuwa na maharage 20. Mpinzani wake, mwenye ree mbili, akaweka mengine 20. Mwenzetu akafuata. Ikafunuliwa kopa ya tano! Tulipiga makofi na vigelegele, na mwenye ree tukamcheka.

Sasa tuhesabu, maana usiku ule hatukuhesabu. Karata ambazo mwenzetu hakuziona zilikuwa 46, na kopa zilizobaki ni 9, yaani takriban nafasi moja katika tano. Akifuata dau kama lile mara tano, atapoteza 20 mara nne, jumla 80, na atapata 40 mara moja tu. Alicheza vibaya akabahatika. Mwenye ree alicheza vizuri akapoteza: anayengoja bahati alimtoza bei kubwa. Kama pangekuwa na maharage 36 katikati na akaongeza 4 tu, kufuata kungefaa: hasara 16, faida 40.

Lakini uchezaji mbaya kuliko wote ulikuwa wetu, nao ni yale makofi. Mwenzetu aliyaamini. Akafuata kila dau mpaka maharage yakamwishia. Akaomba tumkopeshe pauni 5, tukampa. Akaomba tena, tukampa, huku tukitania kwamba kopa zimemfundisha kukopa. Saa sita usiku akatuaga akicheka. Jumatatu ndipo tulipojua kwamba alirudi kwake kwa miguu, karibu saa nzima kwenye mvua, kwa sababu pesa aliyoanza nayo ilikuwa nauli yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza atarudi vipi.

Deni tumelifuta, na tumewekeana masharti. Mtu anaingia mara moja tu. Mezani hakuna kukopeshana. Asiyetaka kuweka pesa anacheza kwa maharage matupu, na hachekwi. Na karata ya mwisho ikishafunuliwa, kabla ya kushangilia tunauliza: dau lile lilistahili kufuatwa?

Ijumaa ijayo tunakutana saa moja jioni. Walimu wetu pia mnakaribishwa. Njooni na pauni 5, na nauli iacheni mfuko mwingine.