Kaya Kinondo na Swali la Msamiati

Mgeni anayeingia katika msitu wa Kaya Kinondo, kusini mwa Diani katika Kaunti ya Kwale, hufungwa kaniki kiunoni, huvua kofia na huonywa asichume jani wala asiokote hata kijiti. Anapotoka, amekwisha kufunzwa adabu ya mahali. Lililobaki ni kujiuliza atapasimulia kwa maneno gani.

Kwa asili, kaya ni makao. Wamijikenda walianza kujenga vijiji hivyo vya ndani ya misitu tangu karne ya 16, wakavilinda kwa fingo. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamekwisha kuhama, ila makaburi ya wahenga na heshima yake vilibaki. Mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza baadhi yake katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata, 2009, shirika hilo hilo liliziweka mila za kaya katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa kwa dharura. Kwa ufupi, msitu ulitunukiwa heshima, na ujuzi uliomo vinywani mwa wazee ukatangazwa kuwa hatarini.

Je, Kiswahili kimesimama upande gani? Mwanafunzi akiandika juu ya jengo la ibada ya Shinto lililo kilimani nchini Japani, ambalo miti yake hutunzwa kwa ajili ya kami, hasiti kuliita hekalu. Akirejea Kwale, mzee aombaye mvua chini ya mti huitwa mganga, mahali pake huitwa mzimuni, na ibada yake huitwa ushirikina. Neno hili la mwisho ni hukumu ya kidini: hudai kwamba mtu amemshirikisha Mungu na kingine. Mhubiri ana haki ya kulitumia. Mtaalamu wa lugha, ambaye kazi yake ni kueleza kabla ya kuhukumu, hana.

Huenda ikasemwa kwamba Wadigo wengi ni Waislamu, na kwamba hukumu hiyo ni yao wenyewe. Hoja hiyo ina uzito, lakini ni katika jamii hiyo hiyo ya Waislamu ambamo msitu wa Kinondo umetunzwa hadi leo. Kuheshimu makaburi ya wahenga si lazima kuwe kuabudu.

Wala hili si suala la vitabuni tu. Katika Kwale na Kilifi wazee wamewahi kuuawa kwa kusingiziwa uchawi. Neno lililotamkwa ovyo hulitangulia panga.

Katika Kiswahili cha leo, kaya ni watu wa nyumba moja, wale wanaohesabiwa pamoja siku ya sensa. Maana hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Yafaa idara na vyama vya Kiswahili viwapeleke wanafunzi Kinondo, wakae na wazee, wasikilize Chidigo, na wayarekodi majina ya miti, ya miiko na ya vyeo vya kaya pamoja na maana wanazozitoa wenyewe. Kamusi haziwezi kusubiri, kwani mzee akifa, huzikwa na msamiati wake. Mwacha mila ni mtumwa. Na aiitaye mila yake kwa jina la dharau ameshaanza kuiacha.