Baiskeli ya Marehemu

Katika Petite Barrière, kivuko cha waendao kwa miguu baina ya Gisenyi na Goma, walemavu wengi wamejipatia riziki kwa kuvusha mizigo juu ya baiskeli za magurudumu matatu ziendeshwazo kwa mikono. Mzazi wa namna hiyo afapo, huacha chombo kilicholisha nyumba nzima. Mwana atakaye kukifufua asianze na rangi. Kwanza akague maungio ya fremu: uzito wa magunia huanzisha nyufa, kutu huzificha. Gololi zioshwe kwa mafuta ya taa, zipakwe grisi. Breki zilizolika zibadilishwe bila huruma, hata kama marehemu ndiye aliyezifunga. Askari wa mipakani wanajua umati unavyosongamana mbele ya shehena. Lakini vishikio vilivyolainishwa na viganja vyake, hivyo viachwe.