Usiuze Mafuta Yote, Ngozi Yako Nayo Yataka Fungu Lake

Mkulima mwema hulitunza jembe lake. Jioni hulisafisha, huupaka mpini mafuta usipasuke, kisha huliweka mahali pakavu. Lakini mkono unaolishika jembe hilo hauna mtu wa kuutazama. Pita katika skimu yoyote wakati wa kiangazi, nawe utaona visigino vilivyopasuka mpaka vikatoka damu, na mikono mikavu kama gome la mti. Mwenyewe akiulizwa husema, "Hiyo ndiyo kazi ya shamba."

Sisi hatukubali. Twasema kwamba kila nyumba ya mkulima yapasa kutenga fungu dogo la mafuta ya shamba lake, safi kama yale ya kuliwa, kwa ajili ya ngozi za watu wa nyumba hiyo. Wako watakaocheka na kusema kwamba haya ni mambo ya urembo, wapewe wanawake wazungumze. Basi wewe unayecheka, soma kwanza mpaka mwisho.

MKONO ULIOPASUKA NA MAZIWA

Wengi wenu mnaishi katika mashamba yaliyogawanywa tangu Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, au katika skimu zilizofuata, na ng'ombe wa maziwa ndiye mlipaji wa karo. Sasa utazame mkono unaomkamua. Ngozi ikikauka hupasuka, na ndani ya nyufa zile hujificha vijidudu ambavyo sabuni haivifikii vizuri. Kimojawapo ni stafilokokasi, kidudu kinachojulikana sana kwa kuleta ugonjwa wa kiwele. Mkamuaji hukichukua kutoka chuchu hii mpaka ile, na kutoka ng'ombe huyu mpaka yule, bila kujua.

Ng'ombe akiugua kiwele, maziwa hupungua. Akitiwa dawa, maziwa yake hayapelekwi kiwandani mpaka siku alizozitaja daktari wa mifugo zimalizike. Hesabu mwenyewe hasara hiyo, kisha uilinganishe na kijiko kimoja cha mafuta kila jioni. Je, bado ni mambo ya urembo?

WAZEE HAWAKUNGOJA DUKA

Jambo hili si geni kwetu. Wafugaji walijipaka samli na mafuta ya wanyama kabla duka la kwanza halijajengwa. Wakikuyu walikamua mafuta ya mbarika wakajipaka. Watu wa pwani hata leo hujipaka mafuta ya nazi. Kila watu walitumia kile ambacho nchi yao iliwapa, na ngozi zao zilistahimili jua na upepo.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mkulima hukamua alizeti akauza mafuta yote, huuza siagi, huuza asali pamoja na nta yake. Halafu siku ya malipo ya maziwa huenda sokoni kununua kopo la mafuta ya kujipaka ambalo hajui limetiwa nini. Tuseme kopo hilo ni shilingi 200, na nyumba inamaliza moja kila mwezi. Kwa mwaka hizo ni shilingi 2,400. Fedha hizo zingenunua madawa ya mifugo au vitabu vya watoto.

Tusiwe wadhalimu katika maneno yetu. Mafuta ya mgando ya dukani, yaliyosafishwa vizuri na yenye alama ya Shirika la Viwango la Kenya, si sumu, nayo huifunika ngozi vizuri. Asiye na alizeti, wala nazi, wala ng'ombe, na ayanunue bila wasiwasi. Ugomvi wetu ni na makopo ya namna nyingine.

MAKOPO YA KUJICHUBUA

Katika masoko mengi huuzwa krimu za kung'arisha ngozi, na mikorogo isiyo na jina. Baadhi yake imetiwa zebaki au haidrokwinoni. Serikali ya Kenya imepiga marufuku vitu hivyo katika vipodozi, wala haikufanya hivyo kwa kuwaonea wauzaji. Zebaki hupenya katika ngozi na kuharibu mafigo. Mwenye mimba akiitumia, humdhuru na mtoto aliye tumboni. Tena haibaki kwa aliyejipaka peke yake, maana hushika taulo, shuka, na mikono impikiayo mtoto chakula. Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa muda mrefu bila daktari, huweza kuiacha ngozi na madoa meusi kuliko yale yaliyokuwapo mwanzo.

Basi kabla ya kununua, soma kopo. Ukiona neno "mercury", "mercuric" au "calomel", rudisha. Ukiona onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha wala alumini, rudisha vile vile, kwa kuwa huenda onyo hilo likawa dalili ya zebaki. Na kama kopo halikuandikwa vilivyomo, usilinunue hata ukipunguziwa bei. Usingekubali kumpa ng'ombe wako chakula kutoka gunia lisilojulikana. Kwa nini umpake binti yako?

MAFUTA YAFAAYO

Yafaa kufahamu kwanza kazi ya mafuta. Mafuta hayaongezi maji katika ngozi. Kazi yake ni kuyazuia yale yaliyomo yasitoke upesi. Kwa hiyo wakati mzuri wa kujipaka ni mara baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu.

Wenye kulima alizeti, katika Trans Nzoia na kwingineko, wana bahati kuliko wanavyodhani. Watu wengine hudhani kwamba mafuta ya zeituni, kwa kuwa ni ghali na hutoka ng'ambo, ndiyo bora. Mwaka 2013 watafiti katika nchi ya Uingereza walichapisha habari za watu wazima waliopakwa mafuta hayo mawili. Zeituni iliudhoofisha ukuta wa ngozi. Alizeti haikuudhuru, nayo ilisaidia unyevu. Kabla ya hapo, mwaka 2005, ilichapishwa habari ya hospitali moja ya Bangladesh. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati, waliopakwa mafuta ya alizeti, walipatwa na maambukizo kwa asilimia 41 chini ya wale ambao hawakupakwa. Lakini angalia: hayo yalifanywa hospitalini, mikononi mwa wauguzi. Usiyajaribu nyumbani kwa mtoto kama huyo. Sisi twaitaja habari hii ili ujue kwamba mafuta yatokayo katika shamba lako si kitu cha kudharauliwa.

Watu wa Shimba Hills na Mpeketoni wana nazi. Mafuta ya nazi huyeyuka yafikapo joto la nyuzi 24 hivi. Ndiyo maana pwani hukaa maji katika chupa, lakini ukimpelekea ndugu yako wa Kinangop yataganda kama samli. Hayajaharibika. Ayasugue katika viganja, yatayeyuka.

Wenye ng'ombe wana samli. Lakini iwe samli iliyochemshwa vizuri mpaka maji yamekwisha, kisha ikachujwa. Siagi mbichi haifai kuwekwa, kwa kuwa ina maji na maziwa ndani yake, nayo huvunda upesi.

NAMNA YA KUTENGENEZA MAFUTA YA VISIGINO NA MIKONO

Vitu viwili vyatosha: mafuta, na nta ya nyuki. Usiitupe nta ukiisha kutoa asali. Iyeyushe katika maji ya moto, ichuje kwa kitambaa, iache ipoe. Itaelea na kuganda juu. Kwangua uchafu ulioshika upande wa chini, kisha ukaushe kipande hicho kabisa.

Pima kwa mizani fungu moja la nta kwa mafungu matano ya mafuta, kama gramu 20 za nta kwa gramu 100 za alizeti. Katika sehemu za joto kali ongeza nta kidogo, hata gramu 25. Tia vyote katika bakuli la bati, na bakuli ulitie katika sufuria yenye maji yanayochemka. Usiliweke juu ya moto wenyewe, maana nta na mafuta hushika moto. Nta huyeyuka kwa nyuzi 62 au 64, kwa hiyo joto la maji latosha. Vyote vikiwa kitu kimoja, epua, mimina katika chupa ya mdomo mpana iliyochemshwa na kukauka kabisa, na uandike tarehe juu yake.

Jioni, kazi ikiisha, loweka miguu katika maji ya vuguvugu kwa dakika 10, ifute, paka mafuta, vaa soksi, ulale. Mikono nayo ipake wakati huo huo. Asubuhi ioshe kwa sabuni kabla ya kukamua. Mwenye mikono iliyoshika utomvu wa ndizi au weusi wa viazi, na asugue kwanza kijiko cha sukari kilichochanganywa na kijiko cha mafuta, kisha aoshe. Lakini asisugue penye kidonda.

Usitie maji, wala maziwa, wala asali katika chupa ya kuwekwa. Penye maji ndipo vijidudu huzaliana. Weka chupa mahali penye giza na baridi. Chota kwa kidole safi, kikavu. Tengeneza kidogo, cha kutosha miezi mitatu, na ukisikia harufu mbaya, tupa. Kanuni ni nyepesi kukumbuka: mafuta ambayo ungeyakataa mezani, yakatae na kwenye ngozi.

Tena, mara ya kwanza paka kidogo penye kunjo la kiwiko, ungoje mpaka kesho. Pakiwasha au pakivimba, hayo si mafuta yako. Mtu anayedhurika akila karanga asipakwe mafuta ya karanga.

SI KILA KINACHOLIWA HUPAKWA

Hapa twawaomba mwe waangalifu, maana sifa za vitu vya asili zimewapoteza wengi.

Ndimu na limau huliwa, lakini maji yake yakipakwa kisha mtu akatoka juani, ngozi huweza kuungua na kutoka malengelenge.

Aliyeungua kwa moto asipakwe samli, wala siagi, wala asali. Mmwagieni maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, kisha mpelekeni kwa mganga wa hospitali.

Kitovu cha mtoto mchanga kisipakwe kitu cha jikoni. Fuateni maneno ya muuguzi.

Choa haiponi kwa mafuta. Tena mara nyingi watoto huipata kutoka kwa ndama wenye mabaka makavu kichwani na shingoni. Basi mtoto atibiwe kliniki, na ndama aonwe na daktari wa mifugo. Upele uwashao usiku nao ni kazi ya kliniki, na nyumba nzima hutibiwa pamoja.

Mwisho, mafuta haya hayazuii jua. Ndugu zetu wenye ualbino wahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu, na mafuta maalumu ya kuzuia jua kutoka hospitalini. Asiwadanganye mtu kwamba nazi yatosha.

SHAURI LETU

Yuko atakayesema kwamba ni dhambi kupaka chakula mwilini wakati sufuria ni kavu. Ni neno la haki, na nyumba isiyo na mafuta ya kupikia ianze na sufuria. Lakini katika nyumba iliyokamua debe la mafuta, kikombe kimoja hakitaleta njaa. Kikombe hicho ni ulinzi wa mikono iliyolileta debe lenyewe.

Kwa hiyo, katika mavuno haya, kabla mnunuzi hajafika na mizani yake, bwana na bibi wa nyumba wakubaliane. Chupa moja ya mafuta isiingie katika hesabu ya kuuzwa. Kipande cha nta kiwekwe. Vikundi vya akina mama vyenye mizani vipime pamoja, na wanaume wasione haya kujifunza. Na lile kopo lisilo na jina, lililofichwa nyuma ya kioo, lipelekwe kwa afisa wa afya akueleze namna ya kulitupa, wala lisitupwe mtoni ambako ng'ombe hunywa.

Shamba lako limekupa chakula cha kinywa. Lina chakula cha ngozi pia. Usikiuze chote, kisha ukaenda kununua sumu.