Ziara ya shambani ni tamu, lakini maji na sabuni viko wapi?

WAKENYA wengi walio na jamaa Marekani wamewahi kutumiwa picha hizi: mtoto aliyevaa sweta nzito ameinuliwa na babake ili achume tofaa mtini; mwingine ameketi juu ya boga kubwa kuliko yeye. Picha hizo hutoka katika mashamba ambayo kila Septemba na Oktoba huwafungulia watu wa mjini milango ili wajichumie matunda, wayalipie na kwenda nayo nyumbani.

Sina ugomvi na ziara hizo. Kwa hakika, naziunga mkono. Mtoto wa ghorofani hupata hewa safi, hutembea hadi akachoka, na hula tunda alilochuma kwa mkono wake hata kama nyumbani hulikataa. Nisemalo leo ni hili: ziara ya shambani isiyo na maji na sabuni ni hatari kwa mtoto mdogo, na mzazi anapaswa kuuliza mfereji uko wapi kabla ya kulipa kiingilio.

Nasema hivi kwa kuwa yalinifika. Miaka kadha iliyopita, mwezi wa Oktoba, nilikuwa Lowell, Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi, nikimtembelea dada yangu. Jumamosi moja tulienda katika shamba la matofaa. Tulipewa mfuko wa kubeba kama kilo nne na nusu, tukaonyeshwa jinsi ya kuchuma: usivute, bali inua tunda na ulizungushe kidogo hadi kikonyo kiachane na tawi. Kisha tukapanda trela lililotandazwa nyasi kavu, likavutwa na trekta hadi kwenye maboga, ambayo Wamarekani huyachonga sura za kutisha kwa sherehe ya Halloween tarehe 31 Oktoba.

Karibu na lango palikuwa na zizi la mbuzi na ndama. Mpwa wangu wa miaka 4 aliwalisha kwa kiganja, nao wakamlamba mkono mzima. Hatua chache kutoka hapo alinunuliwa donati moto na gilasi ya juisi ya matofaa iliyokamuliwa pale pale. Nilitafuta mfereji nisiuone. Palikuwa na chupa ya jeli ya kusafishia mikono, nayo ilikuwa tupu. Nikanyamaza, nisije nikaonekana najifanya daktari katika siku ya watu ya furaha.

Siku ya nne mtoto alianza kulia tumbo, na jioni akahara damu. Nilikuwa na vidonge vya antibiotiki nilivyobeba kutoka Nairobi, kama tufanyavyo wengi, na tayari nilikuwa nimetoa kimoja. Dada yangu akanishika mkono. "Kaka, ngoja kwanza daktari amwone."

Alinusuru mtoto wake, au angalau alimwepushia hatari zaidi. Kipimo kilionyesha viini vya E. koli aina ya O157. Daktari alitueleza kwamba antibiotiki zinaweza kuvifanya viini hivyo vitoe sumu zaidi, na dawa za kuzuia kuhara huifungia sumu hiyo tumboni. Mtoto alipewa maji kwa wingi na figo zake zikachunguzwa kwa zaidi ya wiki moja. Alipona. Kama ni mbuzi au ni juisi, hatukujua.

Viini hivi hukaa katika matumbo ya ng'ombe, mbuzi na kondoo bila kuwadhuru. Hivyo basi, mnyama mwenye afya na manyoya ya kung'aa anaweza kuwa navyo. Mtu akivimeza, kwa kawaida huugua baada ya siku 3 au 4. Wengi hupona, lakini kwa baadhi, hasa watoto walio chini ya miaka 5, sumu huharibu chembe nyekundu za damu na kuziba vijishipa vya figo. Mtoto aliyekuwa akicheza juma lililopita hujikuta akisafishwa damu kwa mashine.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2000 katika jimbo la Pennsylvania, watu 51, wengi wao watoto wadogo, waliugua baada ya kuzuru shamba moja la ng'ombe wa maziwa. Watoto 8 walipata ugonjwa huo wa figo. Ng'ombe 216 walipopimwa, asilimia 13 walikuwa na viini. Uchunguzi ulionyesha kwamba walionawa kabla ya kula walikuwa na kinga bora. Nchini Uingereza mwaka 2009, watu 93 waliugua kutokana na shamba la matembezi huko Surrey.

Juisi nayo ina historia yake. Mwaka 1991, watu 23 waliugua kusini mashariki mwa Massachusetts kutokana na juisi ya matofaa ambayo hayakuoshwa, nayo haikupashwa moto wa kuua viini. Mwaka 1996 juisi ya namna hiyo iliua mtoto mdogo huko Colorado. Tofaa lililoanguka kwenye kinyesi likitiwa katika shinikizo, huchafua pipa zima. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Tangu 1998 sheria ya Marekani hutaka chupa ya juisi isiyopashwa moto iwe na onyo, lakini juisi inayouzwa kwa gilasi shambani haihitaji onyo hilo. Yaani mzazi huachiwa kuuliza mwenyewe.

Najua jibu la wengi: "Sisi tulilelewa na mbuzi, tukala udongo, na tuko hai." Ni kweli, tulio hai ndio tunaosimulia. Hatuwahesabu waliozikwa kwa "tumbo" bila kupimwa na yeyote.

Nalo jambo hili si la Marekani pekee. Watoto wa Nairobi hupelekwa kwenye maonyesho ya kilimo wakashika ng'ombe, kisha wakala chipsi kwa mkono ule ule. Likizo ya Desemba hupelekwa kwa nyanya, wakashinda zizini. Shule hupanga ziara za mashambani na kukumbuka basi, soda na kofia, wakasahau mtungi wa maji.

Ushauri wangu ni mwepesi. Chumeni matunda kwanza, wanyama muwaone mwisho. Baada ya zizi, kila mtu anawe kwa maji yanayotiririka na sabuni kabla ya kugusa chakula. Jeli haitoshi kwa mikono yenye matope. Msiokote tunda lililoanguka, na lile mlilochuma lioshwe. Mtoto mdogo asipewe juisi mbichi ya shambani. Na akihara damu, weka mbali vidonge vya kabatini, mpeleke hospitali na umweleze daktari mlikokwenda. Hapa kwetu kuhara damu huletwa pia na viini vingine ambavyo huhitaji antibiotiki. Ndiyo sababu kupimwa ni lazima.

Kwa wenye mashamba na wanaoandaa maonyesho, anayetoza kiingilio kwa mtoto hawezi kushindwa kuweka mfereji na kipande cha sabuni kando ya zizi. Tusipouona, turudi nyumbani na pesa zetu. Ningefanya hivyo Jumamosi ile, mpwa wangu hangelala siku hizo zote akidungwa sindano ya kupima damu, huku akiniuliza, "Mjomba, ni mbuzi alinikasirikia?"