Tuzo isiyo na wa kwanza

Baba mmoja wa Kadutu ametuandikia barua yenye uchungu kidogo. Mwanawe wa miaka 15 anasoma katika shule ya bweni huko Kenya. Muhula uliopita kijana alipeleka nyumbani karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa buletini: katika wanafunzi 42, yeye alikuwa wa 31. Ya pili ilieleza kwamba amejiunga na Tuzo ya Rais, tena ikaomba fedha kwa ajili ya safari ya siku mbili kwa miguu. "Je," auliza baba huyo, "ni haki nilipe ili mtoto akatembee porini, hali masomo yamemshinda? Na ikiwa si wa kwanza wala wa pili, hiyo tuzo atapewaje?"

Hatumcheki. Swali lake ndilo swali la wazazi wengi wa Bukavu, na sisi wenyewe tuliwahi kufikiri vivyo hivyo. Tangu utoto tumeizoea siku ile ya kutangazwa matokeo, majina yanapoitwa kwa mfuatano mbele ya wazazi wote, na yule anayeitwa mwisho hainui macho. Kwetu sisi, zawadi bila wa kwanza ni kama mbio bila mwisho.

Tuzo hii yafuata njia nyingine, na yafaa tueleze ilikotoka. Mwaka 1933 mwalimu Mjerumani, Kurt Hahn, alitiwa gerezani kwa sababu alimpinga Hitler waziwazi. Alipofunguliwa alihamia Uingereza, na mwaka 1934 akaanzisha shule ya Gordonstoun, huko Uskoti. Alisikitika kuona vijana wanalegea miili, hawana ustadi wa mikono, na huruma yao inapungua. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Philip, aliyekuja kumwoa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 1956 Philip aliianzisha tuzo kwa mawazo ya mwalimu wake, na kazi ya kuisimamia akapewa John Hunt, kiongozi wa msafara uliofika kilele cha Everest mwaka 1953. Wasichana walingoja hadi mwaka 1958 ndipo wakafunguliwa mlango. (Wasichana wetu hawatashangaa.) Kenya ilianza ya kwake mwaka 1966, Rais Jomo Kenyatta akiwa mlezi wake, ndiyo maana yaitwa Tuzo ya Rais.

Kijana huingia akiwa na miaka 14, naye sharti amalize kabla ya kutimiza 25. Ngazi ni tatu: shaba, fedha na dhahabu. Katika kila ngazi atawatumikia watu bila malipo, atajifunza ustadi fulani, atauzoesha mwili mazoezi, na mwishowe atasafiri na wenzake wachache kwa nguvu zao wenyewe, wakibeba chakula chao na hema lao. Mwalimu hukaa karibu ili pasitokee hatari, lakini njia waitafute wao. Anayetaka dhahabu huongezewa siku 5 za kukaa na kufanya kazi pamoja na watu asiowajua.

Shaba hudai miezi 6 kwa uchache, na kila kazi yataka kama saa moja kwa juma. Saa moja ni kitu kidogo, utasema. Sisi twajua vijana hodari waliokwama hapo hapo, kwa maana juma la tano huja na mvua, na juma la sita huja na uvivu. Kila mmoja hujiwekea shabaha yake kwa shauri la mwalimu, naye hapimwi kwa kipimo cha jirani. Basi wa 31 aweza kuvikwa beji ile ile anayovikwa wa kwanza, na huyo wa kwanza aweza kuikosa.

Hatari moja ipo, nayo twaiogopa kuliko gharama. Kazi za kijana huandikwa, na mtu mzima huweka sahihi kwamba zimetendeka. Katika nchi zetu tumekwisha kuona vyeti vikinunuliwa kama ndizi sokoni. Mwanao akikuomba uweke sahihi kwa saa asizofanya, kataa, hata akilia.

Kuhusu fedha, lipa kwanza karo. Kama hakuna kinachobaki, mwandikie mwalimu wake bila haya. Hema na mfuko wa kulalia huweza kuazimwa.

Sasa twaja kwenye mstari wa mwisho wa barua yako, ule ulioutupa kama kwa bahati. Wasema kwamba dada yake wa miaka 14 "hana shida, huchota maji alfajiri kisha huenda shule." Kwa kanuni za tuzo, kazi anayoifanya mtoto kwa jamaa yake haihesabiwi kuwa utumishi. Bidoni zile zapanda mlima wa Kadutu kila siku, wala hakuna aandikaye.

Hapa mjini kwetu vipo vyama vya kumfaa. Wapo maskauti, na ipo Xaveri, iliyozaliwa papa hapa Bukavu mwaka 1952 kwa mkono wa Padre Georges Defour wa Mapadre Weupe. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, hatuthubutu kumshauri mzazi yeyote ampeleke mtoto kulala vilimani, wala upande wa Kahuzi. Lakini kazi nyingine tatu hazitaki kutoka mtaani. Mitaro ya Kadutu imejaa chupa na mifuko ya plastiki. Mvua huisukuma ziwani, ziwa huipeleka Ruzizi, na huko huziba mitambo ya umeme, nasi hubaki gizani tukilaumiana. Binti yako na wenzake sita wakizibua mtaro mmoja kila Jumamosi kwa miezi mitatu, watakuwa wametimiza kipimo cha Nairobi bila beji. Ila sharti kwanza umpe hiyo Jumamosi.

Basi, ndugu yetu, kijana atakaporudi likizo, buletini ingoje kidogo. Mwulize usiku ule hemani nani alipika, nani alipotea njia, na nani alichoka hata akabebewa mzigo. Msikilize mpaka amalize. Jumamosi yake umkabidhi bidoni, maana dada yake ana mkutano saa mbili.