Ndege ya Povu na Rubani Aketiye Chini

Wapo vijana wetu makambini ambao hawatosheki tena na gari la waya wala tiara. Wataka ndege yenye mota, ambayo mwenyewe huiongoza akiwa amevaa miwani yenye kioo cha televisheni ndani yake, akiona yale yaonwayo na kamera iliyo puani mwa ndege. Ukumbi huu hauoni ubaya wa mchezo huo; ni darasa la hisabati lisilo na kiboko. Lakini mzazi hana budi kujua kinachoingia nyumbani mwake.

Ndege hizo huundwa kwa povu lililogandishwa, la jamii ya lile jepesi jeupe lizuialo televisheni isivunjike ndani ya kasha. Polistaireni hukatwa kwa urahisi, ila huvunjika ikipigwa chini, na gundi yenye petroli huiyeyusha. Polipropileni hukunjika na kurudi. Ndiyo ifaayo kwa mwanafunzi, maana ndege ya mwanafunzi huanguka. Fundi hukata bawa kwa waya uliopashwa moto kwa umeme, nje ya nyumba, kwa kuwa moshi wake si wa kuvutwa.

Wengi hupenda umbo la bawa tupu lisilo mkia. Hapo kosa la uzito halisamehewi: betri ikikaa nyuma mno, ndege huinua pua, hupoteza mwendo na kujibwaga. Kwa hiyo betri husogezwa mpaka ndege itulie sawasawa juu ya ncha za vidole viwili, mahali palipopimwa na fundi.

Betri yenyewe ndiyo ya kuogopwa. Ni ya lithiamu. Kila seli hujaa kwa volti 4.2, na ikishuka chini ya 3 huharibika. Iliyofura isitiwe umeme tena. Akina mama wasikubali itiwe umeme usiku chini ya kitanda. Iwekwe juu ya saruji, mbali na mapazia, mtu mzima akiwa macho, kwani ikishika moto haichelewi.

Sasa tuje kwenye sheria. Mwezi Oktoba mwaka 2011, Raphael Pirker, raia wa Uswisi, alirusha bawa la povu aina ya Zephyr katika Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, ili kupiga picha za sinema. Idara ya anga ya nchi hiyo ilimtoza dola 10,000, ikidai kwamba aliirusha kizembe karibu na watu na majengo. Machi 2014 hakimu alifuta shtaka, akiona kwamba chombo kile kilikuwa cha mchezo tu. Novemba mwaka huohuo bodi ya rufani ikatengua hukumu hiyo: kirukacho angani ni ndege, hata kikiwa cha povu. Januari 2015 wakapatana kwa dola 1,100, bila yeye kukiri kosa. Kwetu sisi, bodi ilikuwa na haki. Aliye chini, akipigwa na pangaboi lizungukalo, haulizi kama mwenye ndege alikuwa akicheza.

Avaaye miwani ile haoni kilicho kando yake wala nyuma ya ndege yake. Ndiyo sababu sheria ya Marekani humtaka mchezaji wa namna hiyo awe na mwenzake ubavuni, mwenye macho wazi, aitazamaye ndege na kusema naye papo hapo.

Kwa wakaao kambini, ruhusa ya mkuu wa kambi na ya mamlaka ya anga itangulie hata kabla ya kununua kamera. Askari wa zamu aonaye bawa lenye kamera likivuka ukuta wa ghala la silaha hawezi kujua kwamba mwenyewe ni mtoto wa sajini, na amri aliyopewa haimruhusu kungoja ajue.