Acha Begi, Toka!

Leo naomba niseme jambo lililonikaa rohoni tangu likizo.

Nilikuwa natoka Muleba kwenda Bukoba Mjini kwa Hiace. Njiani moshi ukaanza kutoka chini ya kiti cha mbele, kwenye injini. Dereva akasimama, konda akafungua mlango. Unadhani tulishuka? Mama mmoja anavuta mkungu wake wa ndizi, kaka mwingine anatafuta kiatu, na mie msomi mzima nimeziba mlango na begi la kompyuta. Wa nyuma wanakohoa, wanapiga kelele, "Shukeni jamani!" Kumbe ni mpira tu umeungua. Tukacheka. Ila usiku nikajiuliza, ingekuwa ndege je?

Kwenye ndege, moshi mara nyingi unaua kabla moto haujakufikia. Mwaka 1985, Manchester, Uingereza, ndege ilishika moto ikiwa bado iko chini. Wakafa watu 55, wengi wao kwa moshi wenye sumu. Mwaka 1980 ndege ya Saudia ilirudi Riyadh ina moshi, ikatua salama kabisa, lakini milango ikachelewa kufunguliwa. Wote 301 wakafa. Halafu tazama Tokyo, tarehe 2 Januari 2024. Ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege nyingine uwanjani, moshi ukajaa ndani, hata vipaza sauti vikagoma. Wote 379 wakatoka hai! Walisikiliza wahudumu, na mabegi wakayaacha.

Wa Kagera tunayo yetu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani pale Bukoba. Kati ya watu 43, 19 walikufa. Pale adui alikuwa maji, si moshi, lakini waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Maana yake dakika za mwanzo mwokoaji ni wewe mwenyewe na aliye jirani yako.

Ndo maana napinga tabia ya kuona maelezo ya wahudumu kama tangazo la sabuni. Ukikaa, hesabu viti mpaka mlango wa karibu, mbele na nyuma, maana kwenye moshi macho hayatakusaidia. Moshi ukija, inama, ziba pua na mdomo kwa kitambaa, chenye maji kama unayo, fuata taa za sakafuni. Simu ikianza kufuka, usiifiche kwa aibu, mwite mhudumu haraka. Na ukiambiwa toka, begi liache. Vyeti vinatafutwa upya, roho haina nakala.

Utasema, "Sisi wa boom tunapanda ndege lini?" Sawa. Lakini Septemba 2020 watoto 10 walikufa kwa moto wa bweni kule Kyerwa, mkoa wetu huu huu. Mazoea ya kutoka haraka bila kugeuka nyuma hayaanzii angani, yanaanzia darasani. Sisi ndo walimu wa kesho. Mie nikipangiwa shule, wiki ya kwanza watoto watafanya zoezi la kutoka, madaftari yabaki mezani. Mkuu wa shule akiuliza silabasi iko wapi, nitamjibu kwamba silabasi inafundishwa kwa walio hai.

Ni mtazamo wangu tu. Tuko pamoja.